CT scan ya kiuno: jirani ananitisha na mionzi

Swali: Shikamoo daktari. Nina miaka 34, nauza mboga sokoni Morogoro. Hii ni wiki ya tatu kiuno kinaniuma na maumivu yanashuka hadi pajani. Nimeandikiwa CT scan, ile picha ya mwili inayopigwa kwa mionzi. Jirani anasema mionzi yake inaleta saratani na kuua kizazi. Siku zangu nazo zimechelewa wiki moja. Nipime au niache?

Jibu: Marahaba, dada. Naanza na ulilolitaja mwishoni, maana kwangu ndilo la kwanza: kapime mimba leo. Kipimo cha mkojo cha duka la dawa kinatosha kuanzia. Ikiwepo, usidhani CT scan moja ingemharibu mtoto. Kwa kawaida mionzi inayomfikia haivuki miligrei 50 (kipimo cha mionzi inayoingia mwilini), na chini ya hapo ulemavu haujaonekana kuongezeka. Ila kama picha inaweza kusubiri, au MRI (picha inayopigwa kwa sumaku, bila mionzi) inapatikana, ya nini kumpitishia mionzi?

Kuhusu saratani, jirani hajatunga, amekuza. CT scan ya kiuno hutoa kama milisiveti 5 hadi 10 (kipimo cha madhara ya mionzi mwilini). Eksirei ya kiuno ni kama 1.5, na mionzi ya asili inayotoka ardhini na angani humpata kila mtu wastani wa 2.4 kwa mwaka. Kwa milisiveti 10, inakadiriwa mtu mmoja kati ya 2,000 anaweza kufa kwa saratani iliyotokana nayo, tena miaka mingi baadaye. Ni hatari ndogo, lakini kila kipimo huongeza yake. Kizazi hakifi kwa kiasi hicho.

Mimi kinachoniumiza zaidi ni picha isiyo na sababu. Karibu nusu ya watu wa miaka 30 wasioumwa kabisa wana diski (vijito laini kati ya pingili za uti wa mgongo) zilizochakaa. Nimempokea mama aliyekuja na bahasha yake ya picha, ripoti imeandikwa diski imetokeza, na tangu siku hiyo hainami hata kuokota kijiko. Maumivu yake yalikuwa ya misuli.

Kwa hiyo muulize aliyekuandikia: majibu yatabadilisha nini katika matibabu yangu? Maumivu mengi ya kiuno hupungua ndani ya wiki sita ukiendelea kutembea na kutumia dawa za maumivu (ibuprofeni iache hadi ujue habari ya mimba).

Lakini ukipata ganzi sehemu unayokalia, mkojo ukagoma au ukatoka wenyewe, au mguu ukakosa nguvu, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Homa, jasho la usiku na kukonda navyo visisubiri. TB ya uti wa mgongo ipo kwetu. Hapo picha ina thamani kuliko mionzi yake.

CT scan ya kiuno kwa kawaida haihitaji dawa ya kung'arisha picha, inayochomwa kwenye mshipa. Wakitaka kukuchoma, waambie kama una pumu, mzio, ugonjwa wa figo au unatumia metformini, dawa ya kisukari. Na picha zako uondoke nazo kwenye CD, usije ukarudishwa kwenye mashine kwa sababu tu za kwanza zimepotea.