Pima chuma kwanza, gasketi baadaye

Gasketi ya hedi niliyonunua kwa ajili ya injini yangu ya kwanza ya tabo (turbo), ile inayobanwa kati ya bloku yenye silinda na hedi inayoifunika juu, ilikaa kabatini miezi minne. Mara kwa mara nilikuwa naitoa kuitazama tu: matabaka ya chuma yanayong'aa, miduara ya silinda iliyokatwa safi, mfuko uliojaa maneno ya kutia moyo. Injini yenyewe, Toyota 3S-GTE ya lita 2, ilikuwa vipande vipande kwenye makasha. Bloku haijapimwa, hedi haijafika kwa fundi wa mashine. Gasketi niliitanguliza kwa sababu ndiyo niliyomudu mwezi ule, na kwa sababu niliamini kwamba gasketi nzuri ni nzuri popote utakapoiweka.

Wiki ya tatu baada ya kuiwasha, maji ya rejeta yakaanza kupungua bila tone hata moja kuonekana chini ya gari. Asubuhi inatoa moshi mweupe, ikipata moto unakatika. Nikaifungua. Gasketi haikuwa imepasuka wala kuungua. Uso wa hedi ulikuwa na mikwaruzo ya mashine ambayo ukipitisha ukucha unaisikia, na gasketi ilikuwa imelala juu yake kama mkeka juu ya changarawe. Maji yalikuwa yakipenya kwenye vifereji hivyo hadi ndani ya silinda. Fundi wa mashine alisaga hedi kama anavyosaga hedi za magari ya kawaida, na mimi sikumwambia itafungwa na gasketi ya aina gani. Angejuaje?

Tangu hapo gasketi ya hedi huwa nainunua mwisho kabisa, nikiwa na karatasi yenye vipimo mkononi. Nitaeleza ni vipimo gani.

Gasketi zinazotawala injini za nguvu leo ni zile za matabaka ya chuma, kwa kawaida matatu hadi matano. Chuma chenyewe ni kile kisichoshika kutu, kigumu kama springi, na kimepigwa matuta kuzunguka kila silinda na kila tundu la maji na oili. Matuta hayo ndiyo siri yake. Moto unapolipuka ndani ya silinda hedi hunyanyuka kidogo sana, na tuta hufutuka kuifuata, kisha hubanwa tena. Juu ya chuma hupakwa utando wa mpira mwembamba mno, sehemu ya mia chache za milimita, na huo ndio unaoziba mikwaruzo. Utando mwembamba namna hiyo huziba mikwaruzo midogo tu. Kwa hiyo uso unatakiwa uwe laini: ukali wa uso, ule mafundi wa mashine wanaouandika Ra, usizidi mikroni 1.2 hivi, na wajenzi wengi wa injini za tabo hutaka 0.8 au chini yake. Hedi na bloku, pande zote mbili. Watu wanasaga hedi ikawa kioo, halafu bloku wanaipitishia msasa kwa mkono.

Gasketi ya zamani ya nyuzi na grafiti, yenye pete ya chuma kuzunguka silinda, ina tabia tofauti. Yenyewe huvumilia ukali wa mikroni 1.5 hadi 2.5, na hata hupenda uso wenye ukali kidogo wa kuishikilia. Najua wengi huidharau. Ila kama bloku yako haitoki kwenye gari, na huna namna ya kuisawazisha kwenye mashine, na nguvu uliyoongeza ni ya wastani, gasketi hii itakufaa kuliko ile ya chuma juu ya uso mbaya. Mimi ningekuwa na moyo wa kukubali hivyo mwaka ule, nisingefungua injini mara mbili.

Shaba nyekundu ni habari nyingine. Hiyo ni ya watu wanaosukuma tabo kupita kiasi, na mara nyingi huchongewa mfereji kwenye bloku au hedi ukazungushiwa waya wa chuma ili ubane shaba kuzunguka silinda. Moto huuzuia vizuri kweli. Maji sasa, hapo ndipo kwenye tabu. Bila kupaka siala, gundi ya kuziba, kuzunguka matundu yake yatavuja tu. Gari la kwenda nalo kazini halihitaji shaba.

Kabla hujaamua, piga hesabu moja ili uijue kazi unayoipa gasketi. Pistoni ya milimita 86 ina eneo la sentimita za mraba 58. Shinikizo likifika baa 100 ndani ya silinda, jambo la kawaida kwenye injini ya tabo iliyoongezwa nguvu, hedi inasukumwa juu kwa nguvu ya karibu tani 6. Silinda moja hiyo. Wakati huohuo joto linavuta upande mwingine: hedi ni ya alumini, bloku ni ya chuma cha kusubu, na alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma hicho. Hedi ya sentimita 45 ikipanda nyuzi 80 hurefuka kama milimita 0.8, bloku chini yake 0.4. Tofauti hiyo yote inasuguliwa juu ya gasketi kila unapowasha gari na kila unapolizima. Ndiyo maana gasketi ya matabaka ya chuma imeshinda kwenye injini za mchanganyiko huu: inateleza bila kuchanika.

Sasa unene, na hapa ndipo ninapowaona watu wengi wakipotea.

Gasketi za hedi za injini moja huuzwa kwa unene mbalimbali: milimita 1.2, 1.5, 2.0. Unaohesabika ni ule wa baada ya kubanwa, si ule unaoupima gasketi ikiwa mezani. Tuchukue injini ya 86 kwa 86, yaani upana wa silinda na mwendo wa pistoni kwa milimita: kila silinda inafyonza sentimita za ujazo 499.6. Uwiano wa mgandamizo, yaani hewa inabanwa mara ngapi pistoni ikipanda, ukiwa 8.5, nafasi inayobaki juu ya pistoni ni sentimita za ujazo 66.6. Ukitoka gasketi ya 1.2 yenye tundu la milimita 87 ukaenda ya 2.0, unaongeza 4.8 kwenye nafasi hiyo, na uwiano unashuka mpaka 8.0. Ukienda 1.5 unashuka hadi 8.3.

Mtu akisikia hivyo anafurahi: naongeza msukumo wa tabo, kwa hiyo naweka gasketi nene nipunguze mgandamizo, injini isigonge, yaani mchanganyiko usilipuke wenyewe. Na mimi niliwaza hivyohivyo. Tatizo ni ile bapa ya pembeni ya chemba ya kuunguzia mafuta, pale pistoni inapokaribia kugusana na hedi. Nafasi hiyo ikiwa karibu na milimita 1, pistoni ikifika juu huukamua mchanganyiko wa hewa na mafuta kutoka pembeni kuelekea kwenye plagi, unachanganyika vizuri na kuungua haraka. Ikiwa milimita 2 mkamuo huo unafifia, mchanganyiko unabaki umelala pembeni ukingoja kulipuka wenyewe. Yaani gasketi uliyoiweka kuzuia kugonga inaweza kukaribisha kugonga. Mgandamizo unaotaka kuupunguza, upunguze kwa kuchagua pistoni. Gasketi iache irekebishe vitu vidogo.

Vitu vidogo vyenyewe ni kama hivi. Hedi imesagwa milimita 0.2, bloku 0.1. Hapo umepoteza milimita 0.3 za urefu, na gasketi ya 1.5 badala ya 1.2 inakurudisha ulipokuwa. Bila kufanya hivyo pistoni na valvu zimesogeleana, na mkanda wa taimingi nao umelegea kidogo, kemshafti zinazofungua valvu zikachelewa kwa sehemu ya digrii. Kwa hiyo naanza kwa kupanga pistoni na kranki kwenye bloku bila hedi, napima pistoni inafika wapi ikiwa juu kabisa, chini ya uso wa bloku au juu yake, silinda zote nne. Namba hiyo, pamoja na unene wa gasketi, ndiyo inayonipa nafasi halisi. Pia nalaza rula ya chuma iliyonyooka juu ya hedi, kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari, na kupenyeza fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia upenyo, chini yake. Vitabu vya watengenezaji vina kikomo chao, mara nyingi milimita 0.05 hadi 0.10, fuata cha injini yako.

Tundu la silinda nalo lina kipimo. Injini ikishaboriwa, tuseme 86.5, gasketi ya 86.5 haikufai. Inatakiwa izidi silinda, mimi napenda milimita 1 hivi, kwa sababu ukingo wa chuma ukichungulia ndani ya chemba utapata moto hadi uwe mwekundu na kuwasha mafuta kabla ya plagi. Ikizidi sana nayo unaacha ufa wa mzunguko ambamo mafuta hujificha bila kuungua. Iweke gasketi juu ya bloku kwenye pini zake za kuongozea, chuchumaa, tazama kila silinda pande zote. Halafu igeuze uitazame juu ya hedi.

Ukiwa hapohapo angalia matundu ya maji. Utakuta mengine ni madogo kuliko tundu la bloku lililo chini yake, na fundi mwenye haraka atachukua drili ayapanue. Asiguse! Udogo ule umekusudiwa, unalazimisha maji yafike silinda za nyuma kabla ya kupanda kwenye hedi. Ukiyapanua, silinda ya mwisho ndiyo itakayochemka.

Usafi siuzungumzii sana ila kwa jambo moja: zile diski za kusugua zinazofungwa kwenye mashine ya upepo. Zinasafisha haraka, na zinaacha unga wa aluminiamu oksaidi unaoingia kwenye njia za oili na kula bearingi. Tumia kikwangua cha plastiki na kimiminika cha kuyeyusha gundi, uchukue muda wako. Kama injini ni ya zamani sana na gasketi zake ni za asili, zinaweza kuwa na asbesto. Zilowanishe, usizisugue zikiwa kavu.

Gasketi ya matabaka ya chuma hufungwa kavu, isipokuwa mtengenezaji wake aseme vingine. Hakuna silikoni, hakuna rangi ya kupuliza, imeshapakwa kiwandani. Bolti za hedi zile zinazokazwa kwa digrii za mzunguko hadi zivutike huwa sizirudii. Na kama unaongeza nguvu sana, weka stadi, vyuma vyenye uzi pande zote mbili vinavyofungwa kwa nati. Soma ni mafuta gani yapakwe kwenye uzi, maana toki ileile, yaani nguvu ya kuzungusha spana, juu ya oili ya injini na juu ya grisi maalumu haikupi mbano uleule. Matundu ya bolti yaliyozibwa chini yakaushe kwa upepo. Oili au maji yaliyobaki mle hayana pa kwenda unapokaza, na bloku inaweza kupasuka.

Gasketi nyingine hazina maringo mengi. Kwenye manifoldi ya hewa hakikisha tundu la gasketi halichungulii ndani ya njia, hasa kama ulipanua njia za hedi. Kwenye manifoldi ya ekzosi yenye tabo weka matabaka ya chuma tu. Za nyuzi nimezichoma mbili nikaacha. Sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, nachagua mpira uliofinyangwa juu ya kiini cha chuma wenye vipete vya chuma kwenye matundu ya bolti, kwa sababu huwezi kuikaza kupita kiasi. Gasketi ya koki, ile ya gome kama kizibo cha chupa, hulegea na kukauka. Silikoni ikihitajika ni kwenye kona, tone dogo. Inayomwagikia ndani hukatika na kwenda kuziba chujio la pampu ya oili. Na hakikisha imeandikwa kwamba haidhuru sensa ya oksijeni.

Sili za kranki, pete za mpira zinazozuia oili isivuje pale kranki inapotoka nje, ndizo huwa nasahau kuziuliza dukani. Mpira wa kawaida wa naitrili huanza kuchoka joto likipita nyuzi 100 na kitu, na kwenye injini ya tabo nachukua za Viton, mpira wa kuhimili joto, zinazovumilia mpaka karibu 200. Zipo na zile za teflon, zenye mdomo mpana mweupe au mweusi usio na springi. Hizo mkono unazoea kuzipaka oili kama sili nyingine, na mimi niliipaka. Ilivuja siku ya kwanza. Mdomo wa teflon unatakiwa ukutane na kranki kavu, uache utando wake mwembamba kwenye chuma, ndipo uzibe.

Injini ile ya 3S-GTE niliifunga upya na gasketi ya milimita 1.5, tundu la 87.5, baada ya hedi na bloku kurudi mashineni kulainishwa. Fundi ni yuleyule. Safari hii nilikwenda na gasketi ya zamani mkononi nikamwonyesha mikwaruzo yake ilivyojichapa kwenye utando. Aliitazama kidogo, akauliza, "Mbona hukusema?"