Lebo za vyakula: geuza pakiti kwanza, mbele ni matangazo

Mkuu, umeuliza kama mtu ambaye hakusomea lishe anaweza kuitambua bidhaa mbaya kwa afya kwa kusoma lebo tu. Anaweza, ila asianzie mbele. Mimi natumia dawa za presha, kwa hiyo kila pakiti naigeuza nyuma kwanza.

Anza na viambato. Hupangwa kwa uzito, kilichotumika kwa wingi ndicho kinatangulia. Sukari ikishika nafasi ya kwanza au ya pili, mimi narudisha pakiti rafuni. Kuna wajanja wanaoigawa: sukari unaikuta ya tatu, halafu shira ya glukosi, dekstrosi na fruktosi zimetawanyika huko chini. Zijumlishe zote, ni kitu kilekile.

Kwenye jedwali la virutubisho ndipo wengi tunapopigwa. Nina pakiti ya biskuti hapa. Mbele wameandika kwa herufi kubwa "haina kolesteroli". Ni kweli, lakini kolesteroli inatokana na vyakula vya wanyama, na hizi zimetengenezwa kwa mafuta ya mimea, kwa hiyo hapo hawajakuambia kitu. Nyuma: "kwa mlo mmoja" sukari gramu 6. Ukitafuta huo mlo ni nini, ni biskuti mbili! Nani anakula mbili akafunga pakiti? Safu ya gramu 100 inasema 28. Kwa vipimo vya Uingereza, sukari inayozidi gramu 22.5 kwa kila gramu 100 ya chakula ni nyingi, na chumvi inayozidi gramu 1.5 vilevile. Namba hizo mbili nimezikariri.

Wenzangu wa presha: wakiandika sodiamu badala ya chumvi, zidisha kwa 2.5. Miligramu 800 za sodiamu ni gramu 2 za chumvi, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifike gramu 5 kwa siku.

Hesabu zote hizi Chile waliziondoa mwaka 2016. Bidhaa ikizidisha sukari, sodiamu, mafuta yaliyoshiba au kalori inabandikwa alama nyeusi ya pembe nane mbele, na hairuhusiwi kuuzwa shuleni. Meksiko wakafuata 2020. Hata mtoto anaelewa. Ufaransa wana Nutri-Score tangu 2017, alama ya mbele ya pakiti yenye herufi za rangi, A ikiwa bora zaidi na E mbaya zaidi. Naipenda, ila ni ya hiari, na kampuni yenye bidhaa ya E haina haraka ya kujibandika.