Kujipiga picha ukitafuta nafsi yako

Dada yangu, umeuliza utajipigaje picha zinazoonyesha nafsi yako na si sura tu, ilhali unaishi chumba kimoja mtaani Umoja na kamera yenyewe ni ya kuazima. Chumba hicho kinatosha. Mpiga picha Samuel Fosso alifungua studio yake mjini Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati, mwaka 1975 akiwa na umri wa miaka 13, na filamu iliyobaki baada ya kazi za wateja aliitumia kujipiga mwenyewe. Weka kamera juu ya stuli, funga pazia ubakize mwanga mwembamba, kisha iache ipokee mwanga kwa sekunde 2 huku ukigeuza kichwa polepole. Uso utafifia, ilhali leso uliyojifunga kiunoni, kwa kuwa haitikisiki, itaonekana ua kwa ua. Picha zinazokuudhi usizifute upesi, kwani nionavyo mimi, hapo ndipo hukujipanga.