Mti umekufa, kuni bado mbichi

Juzi msomaji mmoja wa Sengerema kaniandikia: "Dada, nimepata mwembe uliokauka ukiwa umesimama. Jumamosi napasua, Jumapili nabanika samaki. Sawa?"

Hapana, mdogo wangu. Swali lako limenitonesha kidonda.

Miaka mitatu iliyopita, mwezi Machi, masika yameshika, mjomba alinipa mwembe shambani kwake Igombe. Ulikuwa umesimama bila jani misimu miwili, magome yanabanduka yenyewe. Niliamini mti ukifa na maji yake yamekwisha. Tukauangusha (vijana wakiwa macho, maana mkavu hudondosha matawi shoka likiwa bado kazini), tukapasua, na kesho yake nikawasha tanuri chini ya sangara wa mtaji wangu wote.

Matawi ya juu yaliwaka vizuri, ndiyo yaliyonidanganya. Magogo ya shinani yalitoa povu kwenye ncha, yakalia fyuu usiku kucha. Moto ulichemsha maji ya kuni, samaki wakabaki na moshi. Asubuhi walikuwa weusi kwa masizi, nje wachungu, ndani wabichi. Pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba mnunuzi wangu wa siku zote alimega, akatema, akasema wenzangu wanasikia: "Mama, hiki unalisha watu?" Nilirudi na matenga yangu yamejaa. Mpaka leo nikipita kwenye kizimba chake natazama pembeni.

Mti uliosimama hukauka kuanzia juu. Shina, hasa karibu na mizizi, hubaki na maji kwa sababu gome huyafungia ndani. Lazima upasuliwe. Mimi napasua unene wa mkono, natoa magome yote, kisha napanga juu ya mwamba nyuma ya nyumba. Sisi wa Mwanza tumejaliwa mawe, na yakishapata jua yana joto hadi usiku. Chini natanguliza fito mbili ili maji ya mvua yapite, ncha za kuni naelekeza ziwani upepo wa mchana uingie katikati. Bati liwe juu tu. Mwaka mmoja nilizungushia turubai, zikaota ukungu.

Halafu pima. Chukua kipande kimoja cha shinani, kitie alama ya chaki, kiweke kwenye mizani ya samaki kila Jumapili. Changu cha mwaka jana kilianza na kilo 4 mwezi Juni. Mwisho wa Agosti kilikuwa chini ya 3 na hakikushuka tena. Ndipo nikawasha. Vipande viwili ukivigonganisha vililia kama mbao.

Najua marejesho ya kikundi hayasubiri. Lakini acheni kukimbilia tanuri, jamani! Hela ya wiki moja isikupotezee mteja wa miaka.

Basi Jumamosi pasua, Jumapili panga. Kwa sasa nunua kuni kavu za tanuri moja, mwembe wako ubaki kwenye jiwe mpaka vuli ikaribie. Kile kipande chako cha chaki, ukishakipima mara ya kwanza niandikie kilo zake.