Nilihudhuria siku ya amani pamoja na Wakristo: je, nimetoka katika dini?

SWALI: Assalaamu alaykum, Shekhe. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Makorora hapa Tanga, na ni katibu wa kikundi cha akina mama wa madrasa yetu. Kila mwaka mtaani kwetu kunafanyika siku ya amani. Mashekhe na wachungaji hukaa meza moja, vijana wanacheza mpira, tunafyeka na kufagia makaburi ya pande zote mbili, na jioni kuna kwaya na kasida. Mwaka jana tuligawiwa mishumaa, mchungaji akaomba, nasi tukaitikia amina. Shemeji yangu anasema tuliohudhuria wote tumekufuru, itabidi tutoe shahada upya. Mama yangu mzazi ni Mkristo, Mbondei wa Muheza, na anaimba katika kwaya hiyo hiyo. Nisipokwenda ataona nimemsusa. Lakini kuna linaloniuma zaidi. Haukupita muda tangu siku ile ya kukumbatiana, mjane Mkristo jirani yetu akamegewa kiwanja na jirani Mwislamu, na wale wale waliotuhutubia amani wakanyamaza. Najiuliza kama kwenda tena si unafiki. Nifanyeje?

JIBU: Wa alaykumus salaam wa rahmatullahi wa barakaatuh, binti yangu.

Nianze na shemeji yako, maana kauli yake ni nzito kuliko yote uliyoyaeleza. Kumtoa Mwislamu katika dini si neno la kutamkwa barazani kati ya kikombe kimoja cha kahawa na kingine. Mtume (s.a.w.) amesema, katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, kwamba mtu akimwambia nduguye "ewe kafiri", neno hilo humrudia mmoja wao. Wewe hukusujudia kisichokuwa Mungu, wala hukukana nguzo yoyote ya dini. Shahada yako ipo pale pale. Itamke kila siku kwa kutafuta thawabu, lakini si kwa sababu ulishika ufagio makaburini.

Asili ya mas-ala haya ni aya ya 8 ya Suratul Mumtahina: Mwenyezi Mungu hatukatazi kuwatendea wema na uadilifu wale wasiotupiga vita kwa ajili ya dini wala kututoa katika majumba yetu, na Mwenyezi Mungu huwapenda waadilifu. Shika maneno yote mawili, wema na uadilifu, kwa sababu nitarudi kwenye hilo la pili. Baadhi ya wafasiri wameihusisha aya hii na kisa cha Bibi Asmaa binti Abubakar. Mama yake alimjia Madina naye bado ni mshirikina, akitaraji kupata kitu kwa bintiye. Asmaa hakumkaribisha kwa pupa wala hakumfukuza. Alikwenda kumuuliza Mtume, akajibiwa: ndiyo, muunge mama yako. Yule alikuwa mwabudu masanamu. Mama yako ni katika Watu wa Kitabu, yaani Mayahudi na Wakristo. Basi kukaa kwenye jamvi ukamsikiliza mama yako akiimba, hali moyo wako uko na Mola wako, si jambo la kukukosesha usingizi. Msalimie, mpelekee maji ya kunywa, mrudishe nyumbani jioni.

Tena sisi watu wa mkoa huu hatukulisoma hili vitabuni peke yake. Tangu wamisionari waweke kituo Magila, karibu na Muheza, katika karne ya 19, Bondei yote, nchi ya Wabondei, imejaa nyumba ambazo kaka ni Hamisi na mdogo wake ni Yohana, tumbo moja. Nimehudhuria msiba Muheza wa mzee mmoja Mkristo. Wapwa zake Waislamu walitundika kanzu zao kwenye mchungwa, wakabaki na fulana, wakachimba kaburi kuanzia asubuhi. Padri alipofungua kitabu chake wakaweka majembe chini, wakasogea pembeni, wakatulia. Alipomaliza wakarudi kufukia. Hapakuwa na shekhe wa kuwaelekeza, na hapakuwa na aliyenuna. Fikihi ya wale vijana, yaani ufahamu wao wa sheria ya dini, kwa maoni yangu, imenyooka kuliko ya shemeji yako, na kuliko ya hao wa kamati waliowagawia mishumaa.

Maana hapo ndipo mpaka ulipo. Kazi tunafanya pamoja, ibada kila mtu na yake. Wanachuoni wa madhehebu yetu ya Shafi walilizungumzia jambo la karibu sana na lako katika mlango wa sala ya kuomba mvua. Ukame haubagui, shamba la Mwislamu na la Mkristo hukauka siku moja. Imamu Nawawi katika Minhaj, kitabu kinachosomeshwa sana kwenye darsa zetu za pwani, anasema watu wa dhima, yaani wasiokuwa Waislamu wanaoishi chini ya ulinzi wa dola ya Kiislamu, hawazuiwi kuhudhuria siku hiyo, ila wasichanganyike nasi. Waje, waombe kwa namna yao, nasi tuombe kwa namna yetu, kila kundi na upande wake. Hawakufukuzwa, na hapakutungwa sala moja ya mchanganyiko ili kila mtu aondoke ameridhika.

Na kuhusu amina, Imamu Ruyani, naye wa madhehebu hayo ya Shafi, alisema haijuzu kuitikia dua ya asiyekuwa Mwislamu kwa kuwa dua yake haikubaliwi. Wengine wakamjibu kwamba yaweza kukubaliwa, kwani hata Iblisi aliomba apewe muda akapewa. Unaona, binti yangu, ni mjadala ulio ndani ya madhehebu. Shemeji yako ameuchukua akaufanya ukuta kati ya Uislamu na ukafiri. Ninavyoona mimi, mchungaji akiomba kwa itikadi ambayo huiamini, akimtaja Isa (a.s.) kuwa mwana wa Mungu, usiitikie kabisa, kwa sababu amina ni kukubali. Akiomba nchi itulie na wagonjwa wa hospitali ya Bombo wapone, aliyeitikia bila kukusudia jingine hana neno inshaallah, lakini kunyamaza kwa adabu na kuomba hayo hayo moyoni kwako ni salama zaidi. Mishumaa iacheni. Siku umeme ukikatika mtaiwasha. Lakini kusimama safu na mshumaa mkononi huku maombi yakisomwa ni mwenendo wa kanisani, na Mwislamu hana haja ya kuubeba ili aonekane mpenda amani.

Wewe ni katibu, basi litumie hilo. Iendee kamati mapema, kabla ratiba haijachapwa, uwaambie kwa upole kwamba mnaomba utaratibu ule tunaouona kwenye sherehe za kitaifa: shekhe anaomba, kisha padri, kisha mchungaji, kila mmoja kwa zamu yake na kwa lugha ya dini yake, na wasikilizaji hawalazimishwi kuitikia. Sidhani kama watakataa. Mara nyingi mambo haya huingizwa na mtu mmoja aliyeyaona kwenye televisheni, naye hajui kama yanawakwaza wenzake.

Kasida na dufu, kwa uwanja wenye mchanganyiko wa wanaume na wanawake, mimi napendelea wapewe watoto wa madrasa. Akina mama wana maulidi yao na wanajua kuyafanya vizuri. Chakula hakina tatizo maadamu mnajua nani amechinja. Mpira chezeni.

Pengine shemeji atakwambia kwamba mikusanyiko hii ni ajenda ya wazungu. Mwambie kwamba wiki ya maelewano baina ya dini, inayoadhimishwa duniani wiki ya kwanza ya Februari, ilipendekezwa mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 2010 na Mfalme Abdullah wa Pili wa Jordan, na Baraza Kuu likaipitisha tarehe 20 Oktoba mwaka huo huo. Miaka mitatu kabla yake, tarehe 13 Oktoba 2007, wanachuoni na wasomi wa Kiislamu 138 waliwaandikia viongozi wa Kikristo barua iliyojengwa juu ya aya ya 64 ya Suratu Aal Imran: enyi Watu wa Kitabu, njooni kwenye neno lililo sawa baina yetu na nyinyi. Na endelea kuisoma aya hiyo mpaka mwisho, kwa sababu wengi wanaoipenda majukwaani huikatia hapo. Neno lenyewe ni kwamba tusimuabudu ila Mwenyezi Mungu wala tusimshirikishe na chochote. Aliyewaita watu kwa aya hiyo amewaita huku tawhidi, yaani kumpwekesha Mwenyezi Mungu, iko mdomoni mwake. Hakuificha mfukoni.

Sasa nije kwenye kiwanja cha mjane, ambalo ndilo swali lako kubwa hata kama umelitaja mwisho.

Kabla ya utume, Mtume wetu akiwa kijana wa miaka kama ishirini, mtu mmoja wa kabila la Zabid aliingia Makka na bidhaa. Al-Aas bin Waail, bwana mkubwa wa Kikureshi, akainunua, akakataa kulipa. Yule mgeni akaomba msaada huku na huku, asipate wa kumsemea, kwa kuwa al-Aas alikuwa na ukoo na yeye hakuwa na mtu. Akapanda mlima wa Abu Qubays watu wakiwa wameketi kando ya Al-Kaaba, akapaza sauti kuieleza dhuluma yake. Baadhi ya koo zikakusanyika nyumbani kwa Abdullah bin Jud'aan, zikaapa kusimama upande wa aliyedhulumiwa, awe mwenyeji au mgeni, mpaka apate haki yake. Kisha wakamwendea al-Aas na bidhaa ikarudishwa kwa mwenyewe. Mapatano hayo ni Hilful Fudhuul. Waliokuwamo walikuwa washirikina, na Mtume baada ya kupewa utume alisema kwamba lau angeitwa kwenye mapatano kama yale katika Uislamu angeitikia.

Mashekhe wengi hukisimulia kisa hiki kwenye makongamano ya amani, nami nafurahi. Ila tazama mkutano ule ulikutana kwa ajili gani. Palikuwa na mtu mahususi, mali mahususi, na mdhulumu anayejulikana kwa jina na mlango wake, tena ni mtu wao wenyewe. Haikuwa hotuba ya upendo kwa ujumla. Mkutano wa mtaani kwenu ukikwisha kwa picha ya pamoja, na mwenye kiwanja akabaki analia, umechukua jina la Hilful Fudhuul bila kazi yake.

Na Qurani imelifundisha hili kwa ukali ambao hatupendi kuukumbuka. Soma Suratun Nisaa kuanzia aya ya 105. Wafasiri wengi wanasimulia kwamba mtu mmoja wa Madina, aliyehesabika miongoni mwa Waislamu, Tu'ma bin Ubayriq, aliiba deraya, vazi la chuma la vitani, kwa jirani yake akaificha ndani ya gunia la unga. Gunia lilikuwa na tundu. Unga ukawa unachuruzika njia nzima. Alipoona mambo yanaharibika akaipeleka deraya kwa Yahudi mmoja, Zayd bin as-Samiin, na ilipokutwa huko ukoo wa Tu'ma ukaenda kwa Mtume kumtetea mtu wao, ili mzigo umwangukie yule Yahudi. Ndugu wote walishikana upande mmoja. Aya zikateremka kumsafisha Yahudi, na kumwambia Mtume asiwe mtetezi wa wahaini. Tafakari, binti yangu. Hii ni Madina, wakati uhusiano na Mayahudi una misukosuko mingi, na bado Mwenyezi Mungu hakuacha asiyekuwa Mwislamu abambikiwe kosa la anayejiita Mwislamu.

Hadithi ya ardhi nayo unaijua: atakayechukua shubiri moja ya ardhi kwa dhuluma atavikwa shingoni ardhi saba Siku ya Kiyama. Bukhari na Muslim wameipokea. Haikuuliza mwenye shubiri hiyo anasali wapi. Na katika kitabu cha hadithi cha Abu Daud, Mtume anasema atakayemdhulumu mtu wa ahadi, yaani asiye Mwislamu tunayeishi naye kwa amani, Mtume mwenyewe atamshitaki mdhulumu huyo Siku hiyo. Hebu huyo Mwislamu aliyemega kiwanja asomewe hadithi hii na imamu wake, faraghani kwanza, maana nasaha ya hadharani humfanya mtu akaze shingo.

Kuhusu unafiki, hapana. Mnafiki ni anayesema asiloliamini. Wewe dhuluma imekuuma, na kuumwa huko ni katika imani. Kususia hakutamrudishia mjane hata hatua moja ya ardhi. Nenda, lakini usiende na kasida tu. Iambie kamati kwamba mwaka huu, kabla ya mpira na kabla ya hotuba, pawe na kikao cha kusikiliza migogoro ya mtaa, mashekhe na wachungaji wakiwa wamekaa hiyo meza moja yao, na kesi ya kwanza iwe hii. Wakisema itavuruga amani, waulize ni amani ya nani.

Na wewe binafsi usisubiri siku hiyo. Aya ya 135 ya Suratun Nisaa inatutaka tuwe mashahidi kwa ajili ya Mwenyezi Mungu hata dhidi ya nafsi zetu, wazazi na jamaa. Kama uliuona mpaka wa zamani, ule mnazi au yale mawe, basi una ushahidi, na kuuficha ni dhambi. Nenda na huyo mjane kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, achukue barua, kisha baraza la kata. Baraza la kata siku hizi linasuluhisha tu migogoro ya ardhi, halitoi hukumu. Suluhu ikishindikana, shauri linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na huko watataka karatasi: hati au mkataba wa mauziano, risiti za kodi, na majina ya majirani wa pande nne. Jina lako liwemo katika hayo majina. Akikosa mtu wa kumwandikia maombi, mlete msikitini kwetu baada ya Laasiri siku yoyote isipokuwa Ijumaa, tutampatia kijana wa kuandika. Na shemeji aje pia, kahawa ipo.

Wallahu aalam.