Mwanangu, ngoja habari ya siku ya tatu

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unaniuliza kwa nini bado nafuatilia habari wakati wewe zimekuchosha: vita, uchaguzi, ugonjwa mpya na talaka ya mwigizaji vinakujia kwenye simu kwa mkupuo mmoja, kila kimoja kikipiga kelele sawa na mwenzake, na ukiizima hujui umejua nini. Uchovu huo naufahamu, wala sikulaumu.

Ila lile neno lako, kwamba waandishi wote ni waongo, sikubaliani nalo. Uwongo wa makusudi upo, lakini nimekutana zaidi na haraka. Mwaka 1948 gazeti la Chicago Daily Tribune liliandika ukurasa wa mbele kwamba Dewey amemshinda Truman katika uchaguzi wa rais wa Marekani. Wachapaji walikuwa kwenye mgomo, ikabidi gazeti lipelekwe mitamboni mapema kabla kura hazijaisha kuhesabiwa, wahariri wakabahatisha. Truman alishinda, akapigwa picha akiliinua gazeti lilelile juu huku anacheka. Pale sioni njama, naona watu walioshindwa kungoja.

Kuna na haraka inayotia watu hofu. Oktoba 26, 2015, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilitangaza kwamba nyama za kusindikwa, kama soseji, husababisha saratani, likaziweka kundi moja na tumbaku. Vikatoka vichwa vya habari vinavyozilinganisha na sigara. Lakini kundi lile linaonyesha ushahidi una uhakika kiasi gani, halipimi ukubwa wa hatari. Na lile ongezeko la hatari la asilimia 18 lililotajwa kila mahali, kwa kila gramu 50 zinazoliwa kila siku, ni asilimia 18 ya nini? Uingereza, kwa mfano, watu kama 6 kati ya 100 hupata saratani ya utumbo mpana maishani mwao. Ongezeko hilo linawafikisha kama 7. Ni jambo la kuzingatia, ndiyo, ila si la kumfanya mtu asukume sahani kwa woga. Siku tatu baadaye Shirika la Afya Duniani lilitoa ufafanuzi kwamba halikuwa limewataka watu waache kabisa nyama hizo. Kufikia hapo wasomaji wengi walikwishahamia kwenye habari nyingine.

Sasa nikwambie habari ambayo mpaka leo inaniumiza. Juni 14, 2023, meli ya wavuvi iliyotoka Libya kwenda Italia ilizama karibu na Pylos, Ugiriki. Inakadiriwa ilibeba wahamiaji hadi 750. Waliookolewa walikuwa 104, na kati yao hapakuwa na mwanamke hata mmoja. Siku nne baadaye chombo kidogo cha Titan, kilichokuwa kikishuka kutazama mabaki ya meli ya Titanic, kilipoteza mawasiliano kikiwa na watu 5. Unakumbuka wiki ile? Tulihesabiwa saa za oksijeni zilizobaki. Tulijua majina yao, umri wao, kazi zao. Wale wa Pylos tuliwajua kwa namba tu.

Usinielewe vibaya. Ndani ya Titan alikuwamo kijana wa miaka 19 pamoja na baba yake, na kama mzazi niliwalilia. Familia yao ilikuwa na asili ya Pakistan. Ndani ya ile meli ya wavuvi walikuwamo pia Wapakistani wengi, vijana wenye umri uleule, nao wana mama zao. Hao nani aliwatajia majina?

Ndiyo maana nasoma, mwanangu, ila sisomi kila kitu tena. Nimechagua mambo mawili matatu, hayo siyaachi hata kamera zikishaondoka. Asubuhi sifungui simu kutafuta kipya. Nauliza lile la mwezi uliopita limefikia wapi, na jibu mara nyingi liko kwenye aya fupi ambayo hakuna aliyeipigia tarumbeta.

Meli ya Pylos ni moja ya hayo. Wamisri 9 miongoni mwa manusura walishtakiwa kwamba ndio walioiendesha, wakakaa mahabusu karibu mwaka mzima. Mei 2024 mahakama ya Kalamata iliifuta kesi yao, kwa kuwa meli ilizama katika maji ya kimataifa na mahakama za Ugiriki hazina mamlaka huko. Mwaka mmoja baadaye, Mei 2025, mwendesha mashtaka wa mahakama ya wanamaji aliwafungulia mashtaka walinzi wa pwani 17 wa Ugiriki kuhusu kuzama kwa meli hiyo.

Hilo la walinzi 17, ulilisikia? Kama hukulisikia, anza nalo. Tafuta limefikia wapi, kisha uniandikie.

Mama yako