Kabla hujaota umeme wa taka, pima maji kwenye gunia

Kuna kijana wa Mbeya kaniandikia inbox, "Kaka nataka niachane na mboji niingie kwenye kuchoma taka nitoe umeme, ndo kuna hela sa hivi, unanishaurije?" Nimeona nimjibu hapa hapa maana najua wengi mnaonifuata mna ndoto hiyo hiyo ya taka kuwatoa.

Mi nimeanza na guta, nabeba maganda soko la Mabibo, leo nina kenta na wateja wa mboji mpaka Bagamoyo, ya katikati tuyaache. Ila kuna kikao kimoja cha mambo ya taka, ofisi siitaji, akasimama bwana mmoja na picha za Amager Bakke, kiwanda cha kuchoma taka kule Copenhagen, Denmark, watu wanateleza na ski juu ya paa huku chini taka zinaungua, ukumbi mzima makofi, mi nikanyoosha mkono nikauliza taka zetu zina maji kiasi gani, akacheka, "mzee wa maganda, hapa tunaongelea teknolojia". Zabuni yangu nayo ikafia hapo. Inaniuma mpaka leo.

Sasa teknolojia yenyewe si ndo hiyo jamani? Nilishamwaga gunia la taka za sokoni, kilo 50, juu ya turubai kwenye jua la Januari, nikawa nazigeuza na reki mpaka zikawa zinavunjika mkononi, kurudisha kwenye mizani kilo 14. Zilizopotea karibu zote ni maji, na tanuri lazima liyakaushe hayo kwanza ndo lifikirie kukupa umeme.

Tena Copenhagen wanauza na joto, maji ya moto yanapita kwenye mabomba mpaka majumbani, Dar hii na feni zetu nani anunue joto? Na Denmark hao hao wamefika mahali wanaagiza taka Uingereza ili matanuri yasilale njaa, mpaka mwaka 2020 wakakubaliana wapunguze uwezo wa kuchoma kwa asilimia 30 ifikapo 2030. Tanuri linataka kula kila siku, na linachopenda ni plastiki na makaratasi makavu, yaani ugali wa waokota chupa wa dampo la Pugu. Chupa ikiyeyushwa ikawa ndoo, kesho ndoo inarudi tena kiwandani. Ikichomwa ndo basi.

Sisemi kuchoma hakuna kazi. Addis Ababa walizindua kiwanda cha Reppie mwaka 2018 pale Koshe, dampo lililoporomoka 2017 likaua watu zaidi ya 100, huwezi kuwalaumu kutaka ule mlima upungue. Hata sheria ya Ulaya ya 2008 imekupa foleni: zuia taka, tumia tena, rejeleza, halafu ndo choma upate nishati, mwisho kabisa fukia. Kuchoma ni ya nne, nyie mnaanzia ya nne! Na majivu ya kwenye chujio la moshi yana sumu, umeshapanga utayapeleka wapi?

Kwa hiyo mdogo wangu, tenganisha, pima, ukishapima tenganisha tena. Chochote ambacho nguruwe, funza au udongo unakula kisiingie motoni. Zikibaki nailoni chafu na pampasi hapo ndo tuongee tanuri. Acheni kupenda vya kung'aa, kazi ya taka inanuka, asiyetaka kunuka akauze simu Kariakoo.

Yule bwana wa ski kanipigia juzi anataka mboji ya bustani yake. Nimemuuzia, bei ya kawaida, usafiri juu yake.